Sato Aliyelea Wanawe Kwenye Tenki

Saa mbili asubuhi lori la Mashimba lilizima kwa mara ya tatu kwenye kilima cha Mkuyuni, likiwa na kwaya, sufuria za pilau na bibi harusi, Modesta, aliyekaa mbele na shela mapajani. Pantoni ya kwenda Kamanga ingeondoka saa nne, na padri wa ng'ambo alishasema hasubiri mtu.

Fundi Justa akaitwa. Alikuja na bisibisi, tochi na kanga ya kulalia chini ya gari.

"Upepo umeingia kwenye dizeli, mama," Mashimba akamwambia.

"Umeingia kichwani kwako, Ngosha. Sogea."

Akaangalia chujio la dizeli: safi. Akapampu kwa mkono: pampu ngumu, haivuti kitu. Basi ubaya ulikuwa nyuma zaidi. Akachomoa mrija unaotoka kwenye tenki, akaupuliza. Kwenye tenki kukasikika kikohozi.

Justa akamulika. Chini kulikuwa na maji ya ziwa, ndoo mbili hivi, dizeli imeelea juu yake. Ndani ya maji alikuwemo sato jike na wanawe. Kila injini iliponguruma, aliwaita wote wamwingie mdomoni, kama sato wafanyavyo, kisha akajibanza kwenye mrija akauziba.

"Mafuta mmejaza wapi?"

"Kwa Mzee Alexander, Buzuruga. Ndio mchango wake wa harusi."

Mzee Alexander, mjomba wa bwana harusi, alikuwa juu ya lori, amevaa tai, anatazama mawe.

"Mchango mkubwa, mjomba," Justa akasema.

"Asante, mwanangu."

Kawaida maji humwagwa. Modesta akakataa. "Siku ya ndoa yangu nimwage mzazi na wanawe barabarani?"

Justa akaufupisha mrija unyonye dizeli ya juu tu, akatoa masharti ili sato asishtuke akauziba tena: hakuna honi, hakuna vigelegele, ziimbwe nyimbo za kubembeleza watoto. Kwaya ikaimba, lori likapanda taratibu. Karibu na kilele, Hellen, mama mdogo wa bibi harusi, uzalendo ukamshinda, akapiga kigelegele kimoja. Lori likazima. Wakamziba mdomo kwa kitenge, wimbo ukarudi, lori likawaka.

Pantoni waliiwahi mlango ukiinuliwa. Ng'ambo, watu waliposikia harusi inakuja na nyimbo za kulaza watoto, walimtazama Modesta tumboni, wakahesabu miezi kwa vidole, wakacheka sana. Padri hakucheka, ila alifungisha haraka kuliko kawaida yake.

Justa alikula pilau sahani mbili. Mzee Alexander aliwekwa meza kuu, akapigiwa makofi kwa mchango wake, na Hellen akatoa vigelegele vyote alivyovimeza njiani. Makofi yalipoisha, mzee akamwinamia Justa, akamuuliza kwa upole samaki huwa anaingiaje. Justa akamweleza.

Jumatatu mzee alikuwa ziwani na ndoo zake kama siku zote. Safari hii alizifunika kwa kipande cha chandarua.