Mkaguzi Kwenye Kiegemeo cha Kidevu

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwahi kufika maabara ya Mama Nukta, pale chuoni, ambako wenye macho huambiwa tazama kuanzia saa mbili asubuhi, tena kidevu kimewekwa kwenye kiegemeo kama cha mtu anayesubiri kunyolewa.

Mama Nukta ndiye msimamizi. Hupanga zamu za watazamaji, yaani waliojitolea kupimwa wanavyoona, hufuta vioo vya kompyuta, na ndiye aliyetunga sheria: anayeingia akalishwe, maelezo baadaye; akishaanza hasemeshwi mpaka kengele ilie. Akikatizwa, majibu yake yote ni ya kutupwa.

Jumanne ile alitarajiwa mkaguzi wa majengo. Akikuta chumba hakina kazi, kinageuzwa stoo ya viti. Mama Nukta naye angegeuzwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Aliomba, akafagia mara mbili.

Saa nne na nusu Profesa, mwenye utafiti wenyewe, akaingia anahema. "Mama, mkaguzi yuko wapi? Bawabu anasema kapanda kitambo."

"Hapa hajaja mkaguzi."

"Hajaja mtu yeyote?"

"Labda yule baba mwenye koti. Nimeshamkalisha chumba cha pili. Alitaka kujieleza, nikamwambia maelezo baadaye."

Wakatazamana, wataalamu wa kutazama.

Walichungulia kwenye kidirisha. Mkaguzi alikuwa ametulia gizani, faili lake amelikalia, anasaka herufi nyekundu katikati ya za buluu kwenye kompyuta.

"Mtoe," Profesa alinong'ona. "Fomu yake inatakiwa ofisini saa sita."

"Sheria ni msumeno, Profesa."

"Lakini huu unatukata sisi."

"Msumeno hauulizi nani kaununua."

Profesa akapenya ubavuni mwake, akafungua mlango. "Mheshimiwa, samahani sana..."

"Funga mlango," mkaguzi alisema bila kugeuka.

Ukafungwa.

Saa sita kasoro dakika kumi kengele ililia. Mkaguzi akatoka na alama nyekundu kidevuni, anapepesa macho. Mama Nukta akamsomea majibu: herufi arobaini, kaona thelathini na tisa.

"Hiyo moja haikuwepo," mkaguzi alisema.

"Ilikuwepo, baba. Ilipita mlango ulipofunguliwa."

Profesa akachunguza viatu vyake.

"Basi niwekee hiyo moja tu."

"Haiwekwi moja. Ulikatizwa, kwa hiyo yote yanatupwa. Unaanza upya."

"Yote? Na zile thelathini na tisa?"

"Na zile."

Mkaguzi alishusha pumzi kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. "Leo?"

"Leo macho yamechoka. Jumanne ijayo, kama chumba kitakuwepo."

Mkaguzi akalinyoosha faili lililokunjamana, akaandika akiwa wima: *Chumba kina kazi. Kisiguswe. Ukaguzi haujakamilika.* Akapiga muhuri.

"Nije saa ngapi, mama?"

"Saa mbili," Mama Nukta alisema, huku akipangusa kiegemeo. "Na Profesa atakuwa nje."