Udongo wa Pilipili za Bwana Baridi

Miche ya pilipili hoho ilipangwa kwenye mikebe ya samli, safu mbili, chini ya madirisha ya veranda. Veranda ilikuwa imezibwa kwa vioo pande zote kwa sababu mwenye shamba hakupenda upepo. Shamba lilikuwa nje kidogo ya Kitale, ukipita Kibomet, na Kitale ni mahali pa baridi. Mtu wa Malakisi akifika pale anavaa hata gunia. Wafanyakazi walimwita huyo Mzungu Bwana Baridi. Alivaa koti la sufu kutoka Januari mpaka Desemba, na kwenye maonyesho ya mazao alisimama kando ya farasi ili aote joto lao.

Khaemba alikuwa anapangusa majani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Alipofika mkebe wa mwisho akatazama nyuma, na majani ya mkebe wa kwanza yalikuwa yamejikunja tena. Yalijikunja kuelekea juu, kingo zikikaribiana kama viganja vya mtu anayeteka maji mtoni. Mishipa ilikuwa ya kijani, lakini kati ya mishipa rangi ilikuwa njano.

"Bado nakunja," alisema Bwana Baridi kutoka mlangoni.

"Bado, Bwana."

"Basi hapana kwenda."

Bwana Baridi akamzunguka mama mzee aliyekaa katikati ya mikebe, akaingia ndani kunywa chai.

Safari ambayo Khaemba aliomba haikuwa ya matembezi. Mwaka huo ulikuwa wa tohara kule kwa Wabukusu, na Agosti mtoto wa dada yake Nanyama angetahiriwa Malakisi. Kijana haendi mtoni kupakwa tope la tohara kabla ya kupelekwa kwa mjomba. Mjomba humchinjia ng'ombe, hukata ukanda wa nyama ya kifua unaoitwa luliki, humvisha shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Baba anaweza kukosekana, mjomba hawezi, na Nanyama hakuwa na kaka mwingine. Kijana asiyevishwa luliki atatahiriwa vilevile, kisu hakiulizi maswali. Lakini maisha yake yote akisimama kusema mbele ya rika lake, mtu atamwambia akae chini, yeye ni wa kuokotwa kichakani.

Fahali wa kuchinjwa alikuwepo. Alikuwa anakula majani Malakisi, kwa sababu Bwana Baridi aliwafagia ng'ombe wote wa wafanyakazi watoke shambani, akisema wanaleta kupe. Kwa hivyo ng'ombe walikuwa Malakisi na mwenyewe alikuwa Kitale. Shingoni Khaemba alivaa kipande, kile cheti cha kazi, ndani ya kijisanduku cha bati, kama wanaume wote wa shamba, na bila ruhusa ya Bwana polisi wangemrudisha kabla hajafika Kimilili.

"Pilipili ikikuwa kijani, wewe nakwenda," Bwana Baridi alikuwa amesema. Alitaka kuzipeleka maonyeshoni, na alijua hakuna mwingine wa kuzishika.

Kwa hivyo Khaemba alitafuta ugonjwa. Kwanza Bwana alisema maji ni mengi, wakaacha kumwagilia mpaka miche ikainamisha vichwa. Kisha akasema maji ni kidogo. Kisha wakatafuta wadudu chini ya majani, wakaosha kwa sabuni, halafu kwa maji ya tumbaku, ingawa hakukuwa na mdudu hata mmoja. Kisha ikawa ni baridi ya vioo, wakaleta jiko la makaa. Kisha ikawa ni moshi wa jiko, wakaliondoa. Majani yaliendelea kujikunja.

Mke wa Khaemba, Peris, alikuwa akichuma pareto kwenye shamba la Bwana, na jioni alikuwa na maneno yake.

"Wewe siku hizi unaongea na pilipili kuliko mimi. Ati umelala vizuri, ati unaumwa wapi. Mimi ukiniuliza hivyo si nitakuwa kijani mpaka masikio."

"Wewe hujakunja majani."

"Ngoja tu utaniona nikikunja."

Ugonjwa, kusema kweli, ulijulikana tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umekaa pale katikati ya mikebe.

Udongo alikuwa ameuleta Khaemba. Kila mtu wa upande wa Bungoma anajua mboga hupenda udongo wa mahame, pale ambapo watu waliishi wakaondoka. Una samadi ya zamani, una majivu. Kulikuwa na mahame namna hiyo ndani ya shamba, karibu na kijito, na mafiga matatu yalikuwa bado yamesimama. Khaemba alichimba hapo hapo kati ya mafiga, akajaza mikebe yote. Wiki iliyofuata trekta ilipita, mafiga yakatupwa kando, pakapandwa mahindi.

Alipomwagilia mara ya kwanza, mama mzee alikuwa amekaa pale sakafuni, ameshika mwiko.

"Nani ameniita?" aliuliza. Aliongea lugha ya watu wa mlimani, na Khaemba aliifahamu kiasi cha kutosha, kwa sababu Malakisi na mlima ni jirani.

"Mimi, kogo," alisema Khaemba. Kogo ndivyo watu wa mlimani wanavyomwita bibi. "Nimemwagilia pilipili."

Mama akachungulia ndani ya mkebe, akatia kidole kwenye udongo, akaonja.

"Haya ni mafiga yangu," alisema. "Na mimi nilikuwa Kapsokwony napika. Tuma mtu aepue sufuria."

Jina lake lilikuwa Chepkemei. Alikuwa amezaa watoto wote pale karibu na kijito, kabla watu hawajaja na minyororo ya kupimia na kupanda mawe ya mipaka. Baada ya hapo waliambiwa wahamie juu mlimani, Kapsokwony. Sasa alijaribu mlango wa veranda. Alitoka, akajikuta anaingia. Alijaribu tena, akaingia tena. Mara ya tatu aliufunga kwa sababu ya baridi, akakaa.

"Huyu nani?" aliuliza Bwana Baridi asubuhi ile.

"Mwenye udongo, Bwana."

Bwana Baridi alimtazama kwa muda. "Nakaa nyumba yangu, lazima fanya kazi," alisema. Akampa ufagio. Tangu siku hiyo Chepkemei alifagia veranda, na mkataba wa shamba ulipoandikwa upya naye aliweka alama ya kidole pamoja na wengine.

Ndiye aliyemwambia Khaemba habari ya majani. "Majivu ni mengi. Nimepika hapo tangu nikiwa bibi harusi. Hakuna mmea unaopenda kukaa motoni. Rudisha udongo ulipoutoa, mimi niende zangu, nawe utafute mwingine."

Khaemba alimwendea Bwana akasema hivyo. Bwana akasema pale kuna mahindi na hakuna mtu atakayechimba mahindi yake.

"Basi tuupeleke Kapsokwony, Bwana."

"Udongo iko yangu. Iko ndani ya mawe ya mpaka. Kama mbaya, mwaga mtaroni."

Khaemba akarudi veranda, akainua mkebe mmoja. Chepkemei aliendelea kufagia bila kugeuka.

"Ukiumwaga mtaroni," alisema, "nitakuwa mtaroni."

Akaurudisha mkebe dirishani. Mvua za Julai zilikuwa zinajaza ule mtaro, na yeye hakuwa mtu wa kumtupa bibi ya watu ndani ya maji ili apate ruhusa. Lakini pilipili zilikuwa njano na Agosti ilikuwa imekaribia.

Hapo ndipo alipofikiria jambo lake. Kama udongo wa Chepkemei ukichukuliwa na kumwagiliwa unamvuta kutoka Kapsokwony mpaka Kitale, basi udongo wa Khaemba unaweza kumvuta kutoka Kitale mpaka Malakisi. Hakuna askari wa njiani ambaye angeuuliza mkebe kipande. Alikuwa ameishi katika kibanda kile miaka mingi. Watoto wake walizaliwa pale, na makondo yao ya uzazi yalizikwa nyuma ya ukuta. Akachimba kando ya jiko, akajaza mkebe, akaushindilia kwa kiganja.

Abdirashid alikuwa na duka karibu na msikiti wa Kitale, na lori lililokwenda Malakisi kuchukua simsim na ngozi.

"Mpelekee dada yangu Nanyama," Khaemba alimwambia. "Mwambie amwagilie siku ya kuchinja, jua likiwa utosini."

"Umeanza kuuza udongo, Khaemba? Malakisi wanao, bwana, tena mwingi."

"Sio wa kuuza. Ni mimi."

Abdirashid akaupokea kwa mikono miwili. "Basi nitakuweka mbele pamoja na dereva. Kule nyuma ngozi zinanuka."

Siku ya kuchinja Khaemba alivaa shati lililofuliwa, akakaa kwenye kigoda katikati ya pilipili. Alishika kisu, kwa sababu Chepkemei alifika na mwiko, na ni wazi kwamba mtu hufika na alichoshika. Bwana Baridi akapita.

"Kisu ya nini?"

"Ya kukata majani ya njano, Bwana."

Jua likapanda mpaka utosini. Peris akaja kusimama nje ya kioo na kikapu cha pareto mgongoni.

"Bado uko?"

"Bado niko."

"Labda lori limechelewa."

"Labda."

Kivuli cha dirisha kikasogea sakafuni, kikapita mguu wa kigoda. Chepkemei alifagia kumzunguka. Peris alikaa palepale mpaka nyapara alipomwita kwa filimbi, na alipoondoka hakuwa na neno la mzaha. Khaemba alikata majani ya njano, kwa kuwa alikuwa ameshasema atayakata.

Lori lilirudi, na Abdirashid akaja mwenyewe mpaka kwenye kioo cha veranda.

"Ulifikisha?" aliuliza Khaemba.

"Nilifikisha. Dada yako alimwagilia mbele ya watu wote, fahali amefungwa pale, kijana anacheza na njuga zake. Akatokea mzee."

"Mzee gani?"

"Mrefu. Masikio yametobolewa. Ameshika fimbo ya kuchungia. Akauliza nani amemwita. Dada yako akalia kidogo, kisha akamwuliza, wewe ni mjomba? Mzee akasema, mimi natoka kwenye nyumba ya mjomba. Nyumba hiyo ilikuwa yangu kwanza."

Chepkemei alikuwa ameacha kufagia.

"Sasa wazee wakakaa," aliendelea Abdirashid. "Wakasema ng'ombe yuko, kijana yuko, mtu ametumwa na mjomba. Mzee naye hakuhitaji kufundishwa. Watu wa mlimani nao hutahiri, bwana. Akachinja, akakata nyama ya kifua, akamvisha kijana. Asubuhi kijana akasimama wima. Hakupepesa jicho."

"Kwa hivyo ni mwanamume."

"Ni mwanamume kabisa. Hakuna atakayemwambia akae chini."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwepo, Khaemba. Nilikuangalia kila mahali."

"Hiyo fimbo," alisema Chepkemei kutoka ndani, kwa Kiswahili alichookota shambani, "iko na fundo juu?"

"Iko nalo, mama."

"Ni Kipketer. Bwana yangu. Lazima alikuwa anazunguka mlima akinitafuta." Akaegemea ufagio. "Amekula?"

"Amekula nyama."

"Ya kuchoma ama ya kuchemsha?"

"Ya kuchemsha."

"Vizuri. Hana meno."

Abdirashid akaeleza mengine. Mzee alikuwa bado Malakisi. Alikuwa amejaribu kutoka kwenye lango la Nanyama, akajikuta anaingia. Nanyama kwa furaha alikuwa ameumwaga ule udongo uani, wageni wakacheza ngoma juu yake na ng'ombe wakaukanyaga, na hauchoteki tena. Wamempa kibanda. Anachunga mbuzi ndani ya ua. Kuhusu sufuria ya Kapsokwony, mzee alisema majirani walikuwa wameiepua, lakini ilikuwa imetoboka.

"Ilikuwa sufuria nzuri," alisema Chepkemei, akaendelea kufagia.

Jioni Khaemba alikaa kwenye kibanda chake akitazama shimo kando ya jiko. Peris alikuwa anasonga ugali.

"Watoto wetu wamezaliwa hapa," alisema Khaemba.

"Wamezaliwa."

"Makondo yako hapo nyuma."

"Yako hapo," alisema Peris. "Lakini juu ya nini?"

Baada ya hapo alijaribu sehemu nyingine, kidogo kidogo, konzi moja moja kwenye kifuniko cha mkebe. Alichota penye kisima alichochimba mwenyewe, akatokea mwanamke mwenye mtungi. Alichota chini ya mti alioupanda, akatokea mtoto wa kike aliyekuwa anatafuta ndama. Kila mara alirudisha udongo palepale haraka, kabla haujakauka, na mgeni alikwenda zake bila kinyongo. Alichota hata chini ya uzio alioujenga kwa mikono yake. Walikuja wazee wawili wakicheza bao, hawakunyanyua macho.

Mwezi uliofuata Bwana Baridi alipokea mbegu nyingine za pilipili kwa posta. Zile za zamani zilikuwa bado njano, bado zimejikunja, na Chepkemei alikuwa anazifagilia chini. Bwana akaleta mikebe mipya. Khaemba akamkumbusha kwamba Desemba vijana wa tohara hutoka jandoni kwa sherehe, na mjomba huitwa.

"Hii ikikuwa kijani, wewe nakwenda," alisema Bwana Baridi, akafunga koti lake. "Lakini lete udongo ingine. Udongo haina mtu."

"Ndiyo, Bwana."

Khaemba akachukua jembe na mkebe, akatoka. Alipita mahindi, akapita pareto, akapita malisho ya farasi mpaka akaona mawe ya mpaka ya upande wa pili. Kisha akarudi mpaka katikati ya shamba, akasimama na jembe begani, akitafuta pa kuanzia.