Kisigino Nje

Béata alianguka baiskeli ikiwa imekwisha kusimama. Hakuna aliyemsukuma, hakuna jiwe lililomkwaza. Mbele ya wanawake wa soko la Kituku, wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliinama kushoto taratibu, kama mtu anayetaka kumnong'oneza jirani yake neno, kisha akafika chini pamoja na baiskeli, miguu yote miwili ikiwa bado imenaswa kwenye pedali. Beseni moja la samaki likamwagika. Wanawake walimtazama kwanza kama wasioamini kwamba huyu ni mtu mzima, halafu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama, nani amekufunga miguu?" mmoja wao aliuliza, akimwondolea sambaza begani.

"Nimejifunga mwenyewe," Béata alijibu, na kicheko kikaanza upya.

Papa Kamate, aliyekuwa nyuma yake, alikwisha kushuka. Alikuwa mtu wa Butembo, mfupi, muuza vipuri vya baiskeli, na ndiye aliyewakusanya wanawake wanne wa Goma akawaambia watakuwa timu ya mbio. Alipiga magoti kwenye maji ya samaki, akashika kifundo cha mguu wa Béata, akakizungusha kidogo. Kiatu kikaachia kwa mlio mfupi.

"Umevuta juu tena," alisema. "Kiatu hiki hakitoki kwa kuvutwa. Kuna kipande cha chuma chini yake, na pedali imekiuma. Kisigino nje, basi, kinaachia. Lakini ukingoja baiskeli isimame ndipo uukumbuke mguu, umechelewa. Uamue kusimama ungali unakwenda."

"Najua, Papa."

"Kichwa chako kinajua. Mguu bado."

Baiskeli yenyewe haikuwa ngeni kwake. Kabla ya vita, katika milima ya Masisi, alikuwa akiteremsha jibini hadi Sake kwa baiskeli nzito ya chuma, jibini zimefungwa kwa majani ya mgomba nyuma yake, breki yake ikiwa soli ya kandambili iliyobanwa kwenye tairi. Kule mguu ulikuwa huru. Kona ikizidi ukali, unaushusha. Breki ikikataa, unaruka na kuiachia baiskeli iende na Mungu wake. Mumewe, Habarurema, alikuwa akisema mke wake hateremki mlima, anamwagika.

Ndipo ikaja ile asubuhi ambayo majirani walianza kufunga mizigo. Habarurema alipanda malishoni kuwatoa ng'ombe. Alimwambia Béata atangulie na mzee Sebahire, baba mkwe wake, naye atawafuata. Béata alifunga furushi. Akalifungua, maana pengine mume angerudi na njaa na sufuria ilikuwa ndani. Akalifunga tena, akalifungua tena. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akisikiliza mlima, mpaka risasi zikaanza kugonga mabati. Walikimbia furushi likiwa wazi, na nguo zao zikabaki njiani kama za watu waliokwenda kuoga.

Habarurema hakuwafuata. Waliishi kwanza kwenye hema karibu na Munigi, baadaye kwenye chumba cha mbao mjini. Mchuuzi mmoja wa samaki alisema amemwona katika kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi, akishona nyavu, amekonda lakini mzima. Mtu wa mlima wa jirani akaapa kwamba yeye mwenyewe alitupa udongo juu ya kaburi lake. Wote wawili walisema kwa upole, na wote wawili walilijua kovu lililokuwa kidevuni mwake. Tangu hapo, Béata akiwa kanisani, hakujua jina la mumewe aliweke katika sala ipi: ya wasafiri au ya marehemu. Watu wakimuuliza, "Mume wako yuko wapi?" alisikia maneno yakija mawili mawili na kuzuiana kooni. Juu ya baiskeli hakuna aliyemuuliza. Kulikuwa na pumzi, barabara, na mgongo wa mwenzako mbele yako.

Siku ile ya sambaza alirudi nyumbani akichechemea. Alimkuta mzee Sebahire ameketi mlangoni, fimbo yake ya ng'ombe mapajani. Mjini hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini fimbo hakuiacha.

"Barabara imefunguliwa," mzee alisema. "Kuna lori Jumamosi. Tunarudi kwetu, mwanangu. Huyu mtu akirudi, akute moto jikoni. Akute mke wake."

"Ndiyo, Papa," alisema Béata.

Kesho yake, Papa Kamate aliwaambia wanawake wake kwamba Jumapili kutakuwa na mbio, Goma hadi Sake na kurudi, za kwanza tangu vita viifunge njia hiyo. Alimgeukia Béata. "Kwenye kilima hakuna anayekupata. Bila wewe sina timu. Utakuwepo?"

"Ndiyo, Papa," alisema Béata.

Ndiyo zote mbili zilimtoka bila kigugumizi, na hilo ndilo lililomtisha. Alizibeba wiki nzima kama mtu aliyekabidhiwa watoto wawili wa watu wasiosikilizana. Akichambua maharage alikuwa Masisi. Akivaa viatu vyake vyenye chuma alikuwa Goma. Kila jioni aliegemea ukuta wa mbao na kufanya zoezi: nasa, kisigino nje, nasa, kisigino nje. Mguu ulimtii kabisa. Lakini akiwa barabarani, pikipiki ikimkatia njia ghafla, mguu ulikakamaa ukavuta juu, naye akaenda chini. Magoti yake yalichanika kwa mawe meusi ya volkano. Akaanza kushuku kwamba kosa halikuwa la mguu.

Jumamosi lori lilijaa hadi pomoni. Mzee Sebahire alipandishwa juu ya magodoro, na furushi la Béata likafungwa kando yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja na baiskeli, amevaa viatu vyake.

"Panda," mzee aliita.

"Hakuna nafasi, Papa. Nitawafuata nyuma mpaka Sake. Pale watashuka wengine."

Hakuwa anadanganya. Wala hakuwa anasema kweli. Lori liliondoka, naye akalifuata, akiuona uso wa mzee ukipanda na kushuka juu ya mizigo. Walipita Mugunga, ambako mahema yalikuwa yameondolewa na kuacha miraba mitupu juu ya mawe. Kando ya barabara watu walikuwa wakitembea kuelekea magharibi, magodoro vichwani, wakirudi kwao. Upande wa pili wengine walikuwa wakija mjini, nao wana magodoro vichwani. Waliangaliana walipopishana, kila kundi likilishangaa lenzake, na hakuna aliyesimama kuuliza.

Béata alikanyaga. Alijiambia kwamba kwenye kona ile ataamua. Kona ilipita. Akajiambia, kwenye daraja.

Mbele, kamba ilikuwa imevutwa barabarani. Lori lilifunga breki, na gurudumu la mbele la Béata likasogea hadi karibu na bampa la nyuma la lori. Alipotazama chini, mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya changarawe, imara, nao wa kulia bado umenaswa. Hakukumbuka kuuambia kitu. Alisimama akiutazama kama mguu wa mtu mwingine.

Mwanamume mwenye bunduki alizunguka lori akihesabu vichwa kwa macho. Alipomfikia, alitazama viatu kwanza.

"Viatu gani hivi?"

"Vya baiskeli."

"Uko pamoja na hawa?"

Béata alilitazama furushi lake juu ya lori.

"Mama, nakuuliza. Kama uko nao, pita. Lakini anayepita hapa leo harudi leo, na ya kesho siijui. Kama huko nao, geuza."

Juu ya magodoro mzee Sebahire alikuwa ameacha kuongea na jirani yake. Fimbo aliishika kwa mikono miwili. Alimtazama tu, na Béata akaona kwamba mzee alikwisha kujua, pengine tangu asubuhi, pengine kabla yake yeye.

"Yule ni baba yangu," alisema. "Anakwenda kwetu. Mimi naishi Goma."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka. Alingoja maneno hayo yamwume au yampoze. Hayakufanya hili wala lile. Yalibaki hapo barabarani, kati yake na lori.

Mzee alianza kufungua kamba za furushi. Vidole vyake vilikuwa vizito, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alilitundika furushi kwenye ncha ya fimbo, akalishusha polepole mpaka likafika mikononi mwa Béata.

"Akiwa kule," alisema, "nimwambie nini?"

"Mwambie niko Goma, Papa."

"Na asipokuwepo?"

Jirani wa mzee aligeuza uso pembeni. "Nitumie habari," Béata alisema. "Yoyote ile. Hata mbaya."

Mzee alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa kukubali wala kukataa. Kamba ya barabarani ikashushwa. Lori likanguruma, likatoa moshi mweusi, likaanza kupanda.

Lilipokuwa mbali kidogo mzee aliinua mkono, kiganja kikitazama chini, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa. Kule milimani ndivyo walivyomwita mtoto aliyebaki nyuma. Ndivyo pia walivyoagana. Alipaza sauti akasema neno, mara mbili, na injini ikalimeza mara zote mbili.

Béata alikuwa amelikumbatia furushi kwa mkono mmoja. Aliuinua ule mwingine, akafanya vilevile.

"Muzee amesema nini?" aliuliza mwenye bunduki, naye pia akitazama.

"Sijasikia," Béata alisema, na hakuushusha mkono.