Kitanda Kilichonusa Maandazi

Usiku wa jana niliota niko Nepali, huko juu ya India, napanda mlima kwa miguu, begi mgongoni, mtalii wa kujitegemea asiye na kiongozi wala akili. Mbele yangu anapanda wifi yangu Mwajabu, dada wa marehemu mume wangu. Miaka arobaini sasa hajakubali kushindwa nami hata kwa kukoroga uji.

"Wifi," ananiambia bila kugeuka, "theluji naishika mimi kwanza."

Najua maana yake. Akinitangulia atalitangaza kwenye kila arusi ya Muheza mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo atalitaja pia.

Magoti yangu yanagoma. La kulia linasema limechoka, la kushoto linasema linamsikiliza mwenzake.

Tunaingia nyumba ya wageni. Ndani ni darasa langu la tatu, madawati yaleyale. Ubaoni pameandikwa: KITANDA BURE KWA ANAYEKULA HAPA. Mwenye nyumba ni ng'ombe mwenye manyoya ya kuburuza chini.

"Shikamoo, bibi. Utakula?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshiba."

Begini nina maandazi kumi na mawili ndani ya kanga. Chakula cha njiani sikiamini. Hata leba nilikwenda na maandazi.

Wifi anakula wali na dengu. Kitanda chake kinapiga magoti kama ngamia, kinambeba, kinatoka naye kuelekea juu. Anapunga mkono kama waziri.

Nami nakwenda kwa changu. Kinaninusa.

"Umekula nje," kinasema.

"Andazi moja tu."

"Matatu. Na la nne liko shavuni."

Nalimeza.

"Mama, mimi ni bure kwa anayekula hapa. Wewe umekula kwako. Nenda kwa miguu."

Magoti yamesikia neno miguu, yanalia. Dirishani namwona wifi anazidi kuwa mdogo.

Basi namwita ng'ombe pembeni, namkabidhi kanga. Anayapanga maandazi manane kwenye sahani, anakuja nayo taratibu, ananitengea mezani. "Karibu chakula, bibi."

"Haya," nakiambia kitanda, "yamepakuliwa wapi?"

"Hapa."

"Na mimi naketi wapi?"

Kinawaza. Mguu mmoja unakuna mwingine. "Hapa," kinakubali. "Lakini nionjeshe, nihakikishe."

Nakipa moja. Kinatafuna, kinauliza kwa sauti ndogo kama ile ni hiliki. Nasema ndiyo. Kinapiga magoti.

Tunapotoka mlangoni tunapishana na kitanda cha wifi, kinashuka mbio, pua mbele, kimefuata harufu. Wifi kakishikilia kwa mikono miwili, kilemba kimemfunika macho.

"Wifi, safari ya wapi tena?" namuuliza.

"Kiulize hiki," ananijibu, wanaingia wote jikoni.

Juu kabisa ni weupe mtupu. Nashuka, natia mkono kwenye theluji.

"Taratibu," theluji inasema. "Mkono wako una moto."

"Mimi ni mpishi," nasema, na nafumba ngumi.

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani, na wifi Mwajabu kasimama mlangoni, kajishika kiuno.

"Mtu mzima unalala mpaka saa hizi?"

Ngumi yangu ilikuwa bado imefumbwa, na baridi ilinikata mpaka kwenye kiwiko. Nikachungulia. Kimebaki kibonge cha theluji kama punje ya haragwe.

"Inama, wifi, nikunong'oneze."

Akainama. Nikakidondosha kwenye kola ya gauni lake.

Mtu wa miaka sabini na mbili sijawahi kumwona akiruka vile. Akajipapasa mgongo, akatazama vidole vyake vilivyolowa.

"Umekuwa wa pili," nikamwambia.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akijifuta shingo kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema polepole, "Kitanda ndicho kilichogeuka, wifi. Si mimi."