Reijo Amesimamisha Mchezo

Kwa miaka mitatu nilijua baba yangu yu hai kwa sababu meli zake zilikuwa zinatembea.

Kila Jumapili saa sita mchana nilikaa mbele ya kompyuta yangu mjini Tampere, naye akakaa mbele ya yake jikoni kwake, kaskazini huko karibu na mpaka wa Urusi, kilomita mia tano kutoka kwangu, ambako jirani wa karibu yuko ng'ambo ya ziwa. Tulicheza mchezo wa dola za angani. Yeye alikuwa na dola yake, mimi na yangu, na tulikuwa marafiki wa damu dhidi ya ulimwengu mzima. Mchezo mmoja ulichukua zaidi ya mwaka. Hatukuzungumza kwa sauti, tuliandikiana pembeni mwa skrini, maneno mawili matatu. Kumpigia simu ilikuwa kazi bure. Baba anaamini simu ni ya misiba na ya watu wa kodi, na yake huishi ndani ya mfuko wa koti ukumbini, ambamo haisikii ikiita.

Mama alipofariki nilimwambia ahamie mjini. Akanitazama kana kwamba nimemwambia ahamie kaburini. Kwa hiyo nikamnunulia kompyuta, nikamfundisha mchezo, nikidhani atauchoka kwa wiki moja. Baada ya miezi miwili alikuwa ananipiga bila huruma.

Tulikuwa na sheria mbili, na zote mbili ni zake. Ya kwanza: hakuna kurudi nyuma. Ukipoteza, umepoteza. Ya pili: aliyesimamisha mchezo ndiye anayeuendesha tena. Mchezo huu yeyote anaweza kuusimamisha, na kila kitu kikaganda, meli, risasi, nyota, mpaka mtu abonyeze tena. Akisimamisha, Baba aliandika sababu kwa neno moja. Kahawa. Kuni. Choo. Mara moja aliandika "Kulungu", na alipokuwa anamfukuza kulungu uani, mimi nikakosa subira nikauendesha. Alipoteza meli arobaini. Hakunitukana. Alizima kompyuta, na Jumapili tatu hakuonekana. Kwa Jumapili tatu sikujua kama amenuna au amekufa, na nililala nikiwa na simu mkononi kama mtoto na mdoli. Tangu hapo sikugusa tena kitufe chake.

Sasa, mchezo huu una tabia mbaya. Ukishajenga, ukishashiba, ukishaanza kujiona mfalme, mwishoni kabisa linakuja jambo la kukumaliza. Kila mchezo huja na adui wake. Safari hii walitoka gizani, nje ya ukingo wa ramani, wadudu wenye jina refu ambalo sote tulishindwa kulisoma. Baba akawaita Mbu. Walikula sayari. Hawakuziteka, hawakutaka kodi wala amani, walizila tu, na mahali palipokuwa na sayari palibaki duara la kijivu. Kwa Jumapili tatu nilitazama upande wa mashariki wa ramani ukizimika, dola moja baada ya nyingine, majirani tuliogombana nao mwaka mzima wakitoweka bila hata kuomba msaada.

Nguvu zetu zote mimi na Baba zilifika laki mbili. Kundi moja la Mbu lilikuwa na milioni moja, na makundi yalikuwa sita.

"Naogopa," niliandika. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina kazi, nina deni la nyumba, na mikono ilikuwa inanitoka jasho kwa sababu ya wadudu wa rangi.

"Pumua, binti. Ni mbu tu."

"Mbu wa kwenu wanaua kulungu."

"Wanaua kulungu mjinga aliyetoka nje mwezi wa saba. Wewe kaa ndani."

Kukaa ndani ndio ulikuwa mpango wake. Njia ya kuja kwetu ilikuwa moja, lango katikati ya nyota mbili, na nyuma ya lango kulikuwa na sayari yake ndogo kuliko zote, ya barafu, isiyozaa chochote. Aliiita Sauna, chumba cha kuogea mvuke wa moto, kwa dhihaka. Hapo alikuwa anajenga ukuta wa kulifunga lango milele. Ukuta ulihitaji miezi thelathini ya mchezo, na mwezi mmoja ni nusu dakika. Robo saa, basi. Tulitakiwa kuwazuia Mbu robo saa.

Jumapili ile ya Februari jua lilikuwa kali juu ya theluji, hata nikavuta pazia ili nione skrini. Mbu walifika langoni saa saba na dakika tano. Meli zake zilikuwa mbele, zangu nyuma.

"Hizo ni meli au mabeseni?" aliandika.

"Mabeseni yanayokulinda mgongo, mzee."

"Basi yasivuje."

Yakavuja. Katika miezi mitano ya kwanza nilipoteza theluthi ya meli. Mbu walikuja wengi mno hata skrini ikaanza kukwama. Baba alikuwa anazirudisha nyuma meli zilizoumia, anapeleka nzima, anarudisha, anapeleka, mkono wake haukosei. Mwezi wa nane. Wa tisa. Mzee wa miaka sabini na mbili, nikajisemea, tazama anavyocheza. Mwezi wa kumi kundi lake moja lilikwenda upande usiofaa, likaliwa lote. Nilishangaa. Mwezi wa kumi na moja likafuata la pili, na mara kila kitu kikaganda.

Juu ya skrini yakatokea maandishi yenye jina la Baba: Reijo amesimamisha mchezo.

Kusema kweli nilishukuru. Nilikuwa nimebana pumzi. Niliinuka, nikajinyoosha, nikaweka kahawa jikoni, nikapaka siagi kipande cha mkate mweusi. Niliporudi kulikuwa hakuna neno la sababu. Anafikiri, nikadhani. Amekosea mara mbili, anaona haya, anapanga upya.

Baada ya dakika kumi nikaandika, "Kahawa?"

Baada ya kumi na tano, "Unachemsha ziwa zima?"

Hakujibu. Nilikaa nikiwatazama Mbu. Wakiwa wanatembea huna nafasi ya kuwaona vizuri, sasa niliwaona, midomo yao imefunguka, mmoja amegusa kabisa meli ya Baba na hajaila bado. Dakika ishirini. Labda kuni. Labda Irja, jirani wa ng'ambo, amekuja na mikate yake, wamekaa. Irja huwa haji Jumapili. Dakika ishirini na tano. Niliandika "Baba" nikafuta, kwa kuwa nilijua atacheka.

Ningeweza kumpigia. Nasema hivi sasa kwa wepisi, lakini siku ile simu ilikuwa kando ya kikombe na sikuigusa. Simu ni ya misiba. Nilihisi nikiichukua tu, msiba utakuwa umeshaingia. Ilipofika dakika ya thelathini na tano nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ndani ya koti, ukumbini, nikajua, inaita kwenye koti kama siku zote, na siku zote haipokelewi, kwa hiyo haikunipa habari yoyote.

Kilibaki kitu kimoja cha kuniambia ukweli. Nikiuendesha mchezo, na Baba yupo, atausimamisha ndani ya sekunde mbili na kuniita majina yote ya wanyama wa msituni. Kisha atanuna, labda mwezi, labda hatarudi tena. Akiwa hayupo, mchezo utakwenda.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Niliogopa asibonyeze, na niliogopa abonyeze, na ujinga wa hofu ya pili ukanishikilia dakika nyingine nne. Kisha nikauendesha.

Mbu wakaruka. Meli ya kwanza ya Baba ikaliwa. Nilihesabu: moja, mbili. Tatu. Nne. Meli zake zilisimama palepale alipoziacha, zikipiga risasi bila mtu wa kuziamuru, na hakuna aliyezirudisha nyuma. Sekunde kumi. "Simamisha," nilisema kwa sauti, peke yangu chumbani. "Baba, simamisha. Nitukane." Mwezi wa kumi na mbili ukaingia.

Nilimpigia Irja. Nilikosea jina lake kwenye simu mara mbili.

"Outi? Kuna nini?"

"Irja, nenda kwa Baba. Nenda sasa hivi."

"Amekuambia anaumwa?"

"Hajaniambia kitu. Amesimamisha mchezo."

"Amesimamisha nini?"

"Mchezo! Wa kompyuta! Dakika arobaini na moja, Irja, na hajaandika sababu."

Mtu mwingine angenicheka. Irja amekaa ng'ambo ya Baba miaka hamsini. Nikasikia zipu ya nguo ya theluji.

"Moshi wake siuoni," alisema. "Napita juu ya barafu. Usikate tamaa, mtoto, ila simu nakata."

Nikapiga namba ya dharura, nikawaeleza njia. Kisha hakukuwa na la kufanya. Pikipiki ya theluji kutoka kwa Irja mpaka kwa Baba ni dakika nane au tisa, ikikubali kuwaka. Ningeweza kuusimamisha mchezo. Sikuthubutu. Kama angeinuka, kama mkono wake ungefika kwenye meza, nilitaka kumwona akibonyeza. Nikaacha uende, na kwa kuwa lazima mikono ishike kitu, nikachukua meli zangu zote, hata zile za kulinda kwangu, nikazipeleka langoni mbele ya Sauna.

Mbu wengine walipita pembeni wakala dola yangu. Sayari niliyoanza nayo, ile ya kwanza kabisa, ikawa duara la kijivu, wala sikuisogelea. Mwezi wa kumi na saba. Wa ishirini. Nililia nikicheza. Nilimwomba Mungu, ambaye huwa namkumbuka Krismasi tu, kwamba Sauna ikisimama na Baba asimame. Najua ni upuuzi. Ningewaomba hata Mbu. Mwezi wa ishirini na sita nilikuwa na meli tatu. Wa ishirini na tisa, moja.

Simu ikaita.

"Yuko sakafuni," Irja alisema, anahema. "Kati ya kiti na jiko. Anapumua. Outi, unanisikia? Anapumua. Mdomo umekwenda upande. Anataka kusema, hasemi. Reijo, tulia wewe, ni mwanao. Jiko limezimika, nimemfunika na makoti yote."

Niliteremka sakafuni, mgongo kwenye ukuta, nikawa nasema "mwambie nipo, mwambie nipo", mpaka niliposikia helikopta ndani ya simu. Skrini sikuitazama tena siku ile.

Hospitalini Oulu daktari alikuwa kijana na mpole. Ni mshipa wa kichwani ulioziba. Atatembea. Maneno yatarudi, polepole. Mkono wa kulia, hakuahidi. Kwenye ugonjwa huu, alisema, kila dakika ina thamani. Hakuniuliza zangu zilikwenda wapi. Niliitikia kwa kichwa.

Siku ya tano Baba alianza kusema. Alilala akitazama dirisha, sikujua kama yuko macho.

"Uli... endesha," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Sauna?"

"Imesimama. Ukuta ulikamilika. Ndiyo peke yake iliyobaki."

"Zako?"

"Zimeliwa zote."

Upande mmoja wa uso wake ukacheka. Kisha akaniambia, neno kwa neno, na kila neno likimgharimu, kwamba mkono wa kulia ulipoanza kumkataa alijua anaondoka, akabonyeza kwa wa kushoto. Alitaka nisiliwe nikiwa peke yangu. Hakuwahi kuniambia jambo kubwa kama hilo maisha yangu yote.

"Dakika ngapi?" akauliza.

Nilijua anauliza nini. Ningeweza kudanganya, asingejua.

"Arobaini na moja."

Nilitazama ule mkono wa kulia juu ya blanketi, umelala umefunguka, na nikaona hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa humu chumbani.

"Maisha... yako yote," alisema, "hujanitii. Hata... siku moja." Akapumzika. "Ukachagua... siku ile... kutii."

Nililia kwa sauti hata muuguzi akafungua mlango. Baba naye alikuwa anatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, sikumuuliza.

Sasa anacheza kwa mkono wa kushoto. Ni mbovu, anapigwa na dola za watoto. Hakutaka kuhama. Tumeanza mchezo mpya, na huko mwishoni najua kuna adui mwingine anatungoja, na safari hii atatushinda mapema. Sheria ya pili tumeifuta. Akisimamisha, hata akiandika "Kahawa", nahesabu mpaka sitini, kisha nauendesha mchezo mwenyewe, na nakaa nimeshika ukingo wa meza nikisubiri matusi.

Matusi huja taratibu siku hizi, herufi moja moja. Nayangoja mpaka ya mwisho.