Mfuko wa Fundi

Fundi cherehani alikatwa utumbo mpana wote kwa sababu ya vidonda, akashonewa ndani mfuko wa kuhifadhi choo kwa utumbo mwembamba. Sasa mfuko umevimba, anakimbilia chooni mara ishirini kwa siku, na vidonge alivyoandikiwa hataki kuviona.

"Mshono mbovu huo, Daktari," alisema, tepu ya kupimia shingoni. "Fumua, ushone upya!"

"Baba watoto, utakufa na ubishi wako!" mkewe alifoka.

Daktari akauliza, "Suruali uliyonishonea iliponibana, uliniambiaje?"

"Uivae wiki mbili kwanza," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi nawe meza wiki mbili."

Akameza, mfuko ukatulia. Siku ya kumi na nne Daktari aliingia dukani kwa fundi kwa hatua fupi fupi, suruali ileile bado ikimbana. Fundi akachukua mkasi bila kubisha.