Mkono wa Denge na Kipimo cha Uzi

Jioni ile mume wangu Denge alipokea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, mama yake, tunayemwita Ayyo, akamkemea.

"Umerudi utotoni? Kunywa kwa kulia."

"Wa kulia umechoka na kisima, Ayyo. Uache upumzike."

Hakuna aliyeshangaa. Kijiji kizima kilikuwa na mikono inayouma. Kisima chetu kilichimbwa katikati ya mchanga wa laga, ule mto mkavu, kirefu cha watu watano, kila mmoja akisimama juu ya kipandio chake. Wa chini huchota kwa debe na kumrushia wa juu yake, naye humrushia wa juu yake, mpaka maji yamwagwe kwenye birika ng'ombe wanywe. Mwaka huo wa 1967 serikali ilikuwa imetukusanya hapo karibu na mji wa Kiwanjani, ndani ya ua wa miiba na geti la askari, ili shifta, waasi waliokuwa wakipigana nayo, wasipate chakula kutoka kwetu. Ng'ombe waliotubakia walikuwa wanne. Zamu yetu ya maji ilikuja kila siku ya tatu, na Mzee Yattani aliyepanga zamu alikuwa na sharti moja: nyumba isiyotoa mtu wa kipandio, ng'ombe wake wanywe mwisho. Mwisho wa kisima wakati wa kiangazi ni tope.

Kwa siku mbili Ayyo alikuwa amemkanda Denge kwa samli. Jioni hiyo niliomba nimkande mimi. Mtoto wetu Ado alikuwa amelala, mikono yangu ilikuwa huru. Nilipomshika chini ya kiwiko nikashtuka. Ngozi ilikuwa ya moto na imevutika, inang'aa. Kiganjani kulikuwa na mkato mdogo wa makali ya debe, umeshafunga. Nilipofika kwapani vidole vyangu viligusa uvimbe kama punje ya hindi, na Denge akaruka.

"Hii si kazi tu," nikasema.

"Umekuwa daktari?"

"Mimi ni mwanafunzi wa ngumbaru."

"Haya, usome mkono."

Alifanya mzaha, lakini nilijua anachoogopa. Hospitali iko mjini, na kwenda mjini ni kupita getini. Siku hizo mwanaume wa Kiborana akionekana na mkono uliofungwa kitambaa huulizwa risasi ilimpata wapi. Ndiyo maana alikuwa ameuficha ndani ya shuka tangu juzi.

Na mimi mwenyewe, kusema kweli, sikuwa na hakika. Ningemtoa mume wangu mbele ya bunduki kwa ajili ya uchovu? Nikachukua uzi wa katani, nikauzungusha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kulia ulizidi kwa upana wa vidole viwili.

"Mnaona?"

Ayyo akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, hata ungempima kabla ya vita ungeona hivyo. Mtu wa kisima mkono wake wa kulia ni mkubwa siku zote."

Nikaona haya. Ni kweli, nilikuwa nimepima kazi ya miaka kumi nikaiita ugonjwa. Lakini nilipokuwa nakunja uzi nikamkumbuka Mwalimu Mungania, anayetufundisha jioni darasani, na jinsi anavyotugombeza tukilinganisha vitu viwili visivyolingana. Basi nisiupime mkono huu na ule mwingine. Niupime na wenyewe.

"Tuupime sasa," nikasema, "na tuupime tena alfajiri pale pale. Asikandwe, asibebe kitu, aulaze juu ya nguo zilizokunjwa. Kama ni kazi, usingizi utaupunguza hata kidogo."

Ayyo alininyang'anya uzi. "Fundo nitafunga mimi. Wewe mkono wako umeshapenda hospitali."

Akaweka alama kwa masizi ya chungu, vidole vinne chini ya kiwiko, akazungusha uzi, akafunga fundo, akalala nao chini ya mto.

Alfajiri Ayyo mwenyewe ndiye aliyepima. Uzi haukukutana. Ulibakiza nafasi ya kidole gumba kizima. Akauvuta, Denge akaguna, akauachia. Moto ulikuwa umewashwa na bado mwana wa watu alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Nikamwambia akunje vidole. Havikukunjika.

Ayyo aliuweka ule uzi mapajani. "Na mimi siku mbili nakanda," akasema.

"Leo ni zamu," Denge akasema akijaribu kuinuka. "Nikitoka kisimani nitaenda."

"Utaenda sasa. Kwenye kipandio nitasimama mimi."

Walinitazama wote wawili.

"Mama Ado, usicheze," Denge akasema.

"Sichezi. Ng'ombe watakunywa kwa nafasi yao. Wewe ukingoja mpaka mchana, sijui mkono huo utakuwa umefika wapi."

"Na askari?"

"Nitaenda naye," Ayyo akasema, ameshajifunga shuka, anaufunga ule mkono kitambaa. "Wakitaka kuuliza, wamwulize mama yake."

Kisimani Mzee Yattani alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Denge amepungua namna hii?"

Wakacheka. Mmoja akaniuliza nimemwacha mtoto kwa nani.

"Kwa jirani yangu Umulkheir, huyo pale juu. Akilia nitapanda nimnyonyeshe, nirudi."

"Basi leo ng'ombe watakunywa maziwa," akasema mwingine.

"Ukimaliza kuongea nirushie debe," nikamwambia.

Mzee akaniweka kipandio cha nne, pale ambapo kurusha si kurefu sana. Debe la kwanza lilinimwagikia usoni. La pili nusu. Kufikia la ishirini walikuwa wameacha kucheka, si kwa heshima, kwa sababu pumzi ilihitajika. Kila nilipoinua mikono nilimwona Denge akilini mwangu, yuko getini, anaambiwa afungue kitambaa. Ng'ombe wetu walikunywa kwa nafasi yao, maji masafi. Ado alilia mara moja tu.

Alasiri Ayyo akarudi peke yake. Nikamkimbilia. Yeye akaomba maji kwanza, akanywa, ndipo akasema, "Yuko hai. Kaa chini."

Getini askari alikuwa ameamuru kitambaa kifunguliwe. Akautazama mkono, akakunja uso. "Hii si risasi, mama. Tembea haraka." Hakuuliza jingine. Hospitalini dresa mmoja wa Kimeru, Kirimi, mhudumu wa vidonda, alikipasua kiganja, usaha ukatoka, akampiga sindano ya penisilini na kumlaza. Atachomwa kila siku.

"Akaniuliza ni siku ngapi. Nikamwambia siku ya tatu. Akauliza, mlikuwa mnangoja nini? Nikamwambia tulikuwa tunakanda." Ayyo alisugua viganja vyake. "Amesema maumivu ya kazi ukipumzika yanalegea. Ukiona mkono unazidi kuvimba na umelala tu, una moto, mtu anatetemeka, vidole vinakataa, kwapani kuna uvimbe, usikande wala usingoje zamu. Uende siku hiyo hiyo. Amesema siku mbili zaidi na sumu ingeingia mwilini."

Jioni hiyo nilimsikia akiwaeleza wanawake wa nyumba za jirani, na kwake zile siku mbili za dresa zilikuwa zimeshakuwa saa mbili. Sikumsahihisha.

Siku ya nne nilipewa ruhusa ya kupita getini, nikaenda na Ado mgongoni. Denge alikuwa ameketi kitandani, macho yake meupe tena. Vidole vilivyotokeza kwenye bendeji vilikuwa vyembamba, ngozi imejikunja baada ya uvimbe kushuka.

"Salaam aleikum, mwanaume wa kisima," akaniambia.

"Aleikum salaam. Umesikia nini?"

"Kwamba unarusha debe vibaya lakini hulikosi."

Nikamweka Ado pajani pake. Dresa alikuwa amesema nguvu zitarudi, ila polepole, na kipandio asikiguse kabla ya mwezi.

"Zamu ya kesho?" akauliza.

"Yangu."

"Na ile ya baada yake?"

"Yangu pia. Wewe kunja ngumi kwanza, tuone."

Akaviinamisha vidole. Vilifika nusu ya njia, vikasimama. Akavinyoosha, akavuta pumzi, akajaribu tena.